Isimu kwa Mwanafunzi wa Anthropolojia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam wanaokutana na isimu, yaani taaluma ya kuchunguza lugha, kwa mara ya kwanza wakiwa wamekuja kusoma anthropolojia. Mifano mingi ni ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo msomaji anaweza kuihakiki mwenyewe kwa mdomo na sikio lake.

Nimekuja kusoma watu na mila zao. Isimu inanihusu nini?

Karibu kila utakachoandika kwenye daftari lako la uwandani kitakufikia kwa maneno. Mahari, matambiko, madeni, uchawi, ukoo: vingi hutaviona kwa macho, utaambiwa. Ukiyapokea maneno hayo kwa tafsiri tu, unaondoka na mawazo yako mwenyewe yakiwa yamevaa nguo za wenyeji.

Mwanaanthropolojia Franz Boas aliliona hilo mapema. Katika utangulizi wa kitabu chake cha 1911 kuhusu lugha za wenyeji wa Marekani, alisisitiza kwamba kila lugha ielezwe kwa makundi yake yenyewe, si kwa kulazimishwa kwenye vigezo vya Kilatini. Mwanafunzi wake Edward Sapir alikuwa mwanaisimu na mwanaanthropolojia kwa wakati mmoja, na wakati ule hapakuwa na aliyeshangaa.

Mwanaisimu ni mtu anayejua lugha nyingi?

Hapana. Mtu anaweza kuzungumza lugha sita kwa ufasaha asiweze kueleza kwa nini wingi wa "ulimi" ni "ndimi". Isimu ni kueleza mfumo. Wala si kazi yake kusahihisha watu. Ukimsikia mtu wa Mbagala akisema jambo ambalo kamusi inalikataa, andika alivyosema, kisha tafuta kanuni anayoifuata.

Fonimu ni nini hasa, na kwa nini kila mtu hukwama hapo?

Kwa sababu fonimu si sauti. Ni tofauti ya sauti ambayo wazungumzaji wa lugha fulani wanaitegemea kutenganisha maana.

Fanya jaribio. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uuning'inize sentimita tano hivi mbele ya midomo. Mwombe anayezungumza Kiingereza kwa asili atamke "pin", kisha "spin". Kwa neno la kwanza karatasi itatikisika, kwa la pili haitatikisika. Kwa hiyo Kiingereza kina p yenye mpumuo na p isiyo nao, lakini hakuna maneno mawili ya Kiingereza yanayotofautishwa na mpumuo huo peke yake. Kwao ni p moja.

Sasa nenda Mombasa. Kwa mzungumzaji wa Kimvita, "paa" la nyumba halina mpumuo, na "paa" mnyama ana mpumuo. Ni tofauti ileile ya karatasi, lakini huku inabeba maana, hivyo ni fonimu mbili. Rudi Dar es Salaam: wazungumzaji wengi wa hapa hawaitofautishi kabisa, na muktadha ndio unaowaambia kama kinachozungumzwa kinaezekwa au kinawindwa.

Namna ya kufanya uchambuzi:

1. Tafuta jozi ya maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu mahali palepale. "Kula" na "kura". "Mahali" na "mahari". "Pata" na "bata". Ukipata jozi na maana zikatofautiana, sauti hizo ni fonimu mbili, kazi imekwisha.
2. Ukikosa jozi, orodhesha kila sauti inatokea wapi: kabla ya nini, baada ya nini, mwanzo au katikati ya neno.
3. Kama sauti moja hutokea pale tu ambapo nyingine haitokei, na zinafanana kimatamshi, huenda ni alofoni, yaani sura mbalimbali za kimatamshi, za fonimu moja.

Usilisahau sharti la kufanana katika hatua ya tatu. Katika Kiingereza, h hutokea mwanzo wa silabi, na ile sauti ya ng' hutokea mwisho wake. Hazikutani kamwe, lakini hakuna anayesema ni fonimu moja, maana hazifanani.

Kosa la pili ni kuhesabu herufi. "Ng'" ya "ng'ombe" ina alama tatu kwenye karatasi na sauti moja mdomoni. "Ng" ya "ngoma" inaanza na sauti hiyohiyo, kisha g inasikika. "Ch" ni sauti moja. Macho yamezoea kusoma kiasi kwamba huyashinda masikio, na wiki za kwanza hili huwasumbua hata wanafunzi bora.

Kwa mwanaanthropolojia, hapa ndipo penye chimbuko la maneno utakayoyasikia hadi mwaka wa mwisho: mtazamo wa kiemiki na wa kietiki. Mwanaisimu Kenneth Pike aliyaunda mwaka 1954 kutokana na tofauti ya fonimu na fonetiki. Kietiki, unapima kwa kipimo cha nje, kama ile karatasi. Kiemiki, unauliza ni tofauti ipi ina uzito kwa wenyewe. Asiyeielewa fonimu huyatumia maneno hayo kama mapambo.

Tahajia ya Kiswahili inaandika kama inavyotamkwa. Kwa nini nijifunze alama za kifonetiki?

Inaandika Kiswahili vizuri, kwa kuwa kina irabu tano, na mkazo karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiipeleka kwingine inavunjika. Kihaya kina toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana, na tahajia yetu haina pa kuliweka hilo. Kisandawe cha Dodoma na Kihadza cha kando ya Ziwa Eyasi vina vidoko, sauti ambazo sisi tunazitumia kusikitika tu, wao wanajengea maneno.

Chama cha Kimataifa cha Fonetiki kilianzishwa Paris mwaka 1886, na alfabeti yake ndiyo inayotumika. Usikariri jedwali zima. Anza na konsonanti na irabu za lugha yako ya kwanza, kisha ongeza za lugha unayokwenda kuisikiliza.

Nitalikataje neno katika mofimu bila kubahatisha?

Mofimu ni kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana au kazi ya kisarufi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uangalie maana imehama wapi. Chukua "hawakutupikia":

ha-wa-ku-tu-pik-i-a

Ha- ni ukanushi. -wa- ni mtenda, nafsi ya tatu wingi. -ku- ni wakati uliopita katika ukanushi. -tu- ni mtendewa, nafsi ya kwanza wingi. -pik- ni mzizi. -i- ni kauli ya kutendea. -a ni kiambishi tamati. Mofimu saba katika neno moja. Ukisema "hawakuwapikia" umegusa mtendewa pekee, ukisema "hawakutupika" umeondoa kauli ya kutendea, na sasa tumekuwa sisi ndio chakula. Ndivyo inavyothibitishwa kwamba -i- ina kazi.

Mtego wa mtihani ni "hakukupikia": ha-ku-ku-pik-i-a. Kuna -ku- mbili zenye sura moja. Ya kwanza ni wakati, ya pili ni "wewe". Utajuaje? Badilisha mtendewa: "hakunipikia". Iliyobadilika ndiyo ya mtendewa. Na mtenda yuko wapi? Amemezwa: ha- na a- zimeungana zikawa ha-. Mofimu inaweza kuwepo kimaana bila kuonekana kama kipande, na ukiilazimisha ionekane utaandika uongo.

Mtego mwingine ni mofimu kubadilika sura. Wingi wa "ubao" ni "mbao", wa "ulimi" ni "ndimi", wa "ukuta" ni "kuta". Wanafunzi huona viambishi vitatu. Ni kimoja, N-. Kikikutana na b kinakuwa m; kikikutana na l, ile l inageuka d, na r pia ("-refu" ikawa "ndefu"); kikikutana na k, p, t, f au s katika maneno ya aina hii, kinadondoka.

Tena, asili ya neno isikukatie neno. "Kitabu" limetoka Kiarabu, na huko ki- si kiambishi. Lakini Waswahili wanasema "vitabu", wakiisikia ki- kama ile ya "kiti". Kwa mfumo wa Kiswahili ni ki-tabu, na ushahidi ni wingi wake.

Ngeli ni makundi ya maana au ya kisarufi?

Ya kisarufi, yenye mabaki mengi ya maana. "Kiboko" lina umbo la ki-/vi-, lakini tunasema "kiboko mkubwa amezama", si "kikubwa kimezama": uhai umeishinda sura. Halafu tazama "rafiki yangu anakuja". Kimilikishi kinafuata ngeli moja, kitenzi kinafuata nyingine. Majina mengi ya jamaa hufanya hivyo: baba yangu, ndugu zangu. Kwa msomi wa ukoo hilo ni jambo la kuandikwa pembeni kwa wino mwekundu, kwa kuwa sarufi yenyewe imewatenga jamaa na watu wengine. Na ngeli hubeba hukumu: "mtu", "jitu", "kijitu". Anayeripoti mahojiano na kuyaandika yote matatu kuwa "mtu" ameifuta hisia ya msemaji.

Lugha na lahaja zinatofautianaje?

Jibu la kwanza ni kuelewana. Watu wakielewana bila kujifunza, ni lahaja za lugha moja. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu kuelewana huwa kwa viwango, na mara nyingi upande mmoja unamwelewa mwingine zaidi. Kilichobaki huamuliwa na watu na serikali. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, hakikukosa chochote cha kiisimu. Usiandike "lahaja" kwa maana ya lugha ndogo au duni; andika jina ambalo wenyewe wanaiita.

Kiswahili ni mchanganyiko wa Kiarabu na Kibantu?

Ni lugha ya Kibantu iliyokopa maneno mengi, hasa ya Kiarabu. Undugu wa lugha haupimwi kwa wingi wa maneno ya kukopa, unapimwa kwa sarufi na msamiati wa msingi. Ngeli na viambishi vya kitenzi ulivyoona hapo juu ni vya Kibantu. "Mtu" ni omuntu kwa Kihaya, munhu kwa Kisukuma, umuntu kwa Kizulu. Katika kuhesabu, moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Kireno kimetuachia "meza" na "bendera", Kijerumani "shule".

Kariakoo ni somo zuri. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kiingereza huandika ps mwishoni lakini hakizitamki, na watu wa mji huu wakachukua kilichosikika, si kilichoandikwa. Neno linaloingia kwa sikio lina sura tofauti na linaloingia kwa kitabu. Ukikuta neno la kukopa, hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kutazama.

Je, ni kweli lugha huamua namna watu wanavyofikiri?

Dai hilo huhusishwa na Sapir na Benjamin Lee Whorf. Kwa ukali wake, kwamba usichokuwa na neno lake huwezi kukifikiria, halina ushahidi. Kwa upole wake, kwamba lugha hutuzoeza kuangalia baadhi ya mambo kuliko mengine, lina ushahidi wa kutosha kuchunguzwa.

Fikiria rangi. Brent Berlin na Paul Kay walidai mwaka 1969 kwamba lugha zenye majina matatu tu ya msingi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu. Katika Kiswahili hizo tatu ndizo zinazochukua upatanisho: kitambaa cheupe, cheusi, chekundu. Nyingine zote zinahitaji "cha": kitambaa cha kijani, cha manjano, cha kahawia, cha bluu. Na angalia zilikotoka: jani, kiungo cha mboga, kahawa, Kiingereza. Sarufi imeweka alama kwa zile tatu. Hiyo haina maana kwamba bibi zetu hawakuitofautisha bahari na jani la mwembe.

Pande za dunia nazo zina historia yake. "Kaskazini" na "kusini" ni pepo mbili, kaskazi na kusi, zilizokuwa zikiendesha majahazi ya pwani hii. Na saa zetu zinahesabiwa kutoka mapambazuko, ambayo karibu na ikweta hayasogei sana mwaka mzima, kwa hiyo saa moja asubuhi ni saa moja baada ya jua. Katika mahojiano, mwulize mtu "saa mbili ya asubuhi au ya usiku?" kisha uandike kwa mfumo mmoja, wa Kiswahili au wa Kiingereza, daftari zima. Makosa ya saa sita huharibu jedwali la shughuli za siku.

Nikusanyeje majina ya ukoo bila kuyaharibu?

Usiulize "mjomba wako ni nani?" Umeshampa jibu. Chora mti, uliza kwa njia: "Huyu ni mama yako. Kaka yake unamwitaje?" Kisha mdogo wake baba, kisha dada yake baba, kisha watoto wa kila mmoja wao.

Tenganisha jina la kumwita na jina la kumtaja. Kijana wa Sinza anaweza kumwita kaka wa mama yake "anko", na akimzungumzia mbele ya wazee akasema "mjomba". "Anko" hilohilo atampa baba mdogo, na kondakta wa daladala atampa abiria asiyemjua. Ukiandika "anko" pekee umepoteza tofauti ya upande wa mama na wa baba, ambayo pengine ndiyo inayoamua nani anakaa kikao cha mahari.

Salamu zina nini cha kuchambua?

Mengi. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza mwaka 1923 kwamba kuna maneno ambayo kazi yake ni kufunga uhusiano, si kupeleka habari. Ukiuliza "habari za nyumbani?" utajibiwa "nzuri, ila mtoto anaumwa". "Nzuri" inatangulia kwa sababu ni jibu la salamu. Habari inaanzia kwenye "ila". Anayejaza dodoso la afya akaandika "nzuri" na kupita, amekosa takwimu yake.

Dell Hymes alipendekeza, kuanzia miaka ya 1960, tuangalie nani anasema, kwa nani, wapi, kwa lengo gani, kwa mtindo upi. Jaribu kwa "shikamoo". Mdogo huianza, mkubwa hujibu "marahaba", na wawili hawaamkiani "shikamoo" kwa zamu. Lakini mpe mtu aliyekuzidi miaka mitatu, usikie: "usinizeeshe!" Mpaka wa umri uko wapi? Unasogea kwa cheo, kwa jinsia, kwa mtaa. Zoezi la saa mbili kwenye kituo cha daladala, ukiandika jozi 30 za salamu pamoja na makadirio ya umri wa wasemaji, litakuonyesha.

Na lugha ya mtaani, inastahili utafiti?

Inastahili. "Jero" ni 500, "buku" ni 1,000, na noti nyekundu ya 10,000 ni "msimbazi", kwa rangi ya Simba. Chunguza nani anayatumia mbele ya nani.

Nimeambiwa nikakusanye orodha ya maneno. Nianzie wapi?

Orodha ya maneno ya msingi ya mwanaisimu Morris Swadesh ina toleo la maneno 100 na la 207. Itumie, ila uirekebishe kwanza. La 207 linauliza theluji na barafu, ambavyo kwa lugha nyingi za pwani vitakupa mkopo tu. Linatenganisha mguu wote na sehemu ya kukanyagia, na Kiswahili husema "mguu" kwa vyote. Hilo si pengo la lugha, ni mpaka uliowekwa kwingine. Andika mpaka ulivyo.

Kikao kisizidi saa moja na nusu. Baada ya hapo msemaji anachoka na kuanza kukuridhisha. Kila jina liombe kwa umoja na wingi. Kila neno litamkwe mara tatu, na uchambue la katikati, kwa sababu la kwanza na la mwisho hubeba mpandisho na mshuko wa kuorodhesha. Kisha liweke ndani ya sentensi moja isiyobadilika. Tafuta wasemaji wasiopungua watatu, wa jinsia na umri tofauti.

Yanayoharibika mara kwa mara: unaonyesha kitu kwa kidole na kupewa jina la kidole. Unauliza "mkono wangu" na kujibiwa "mkono wako", kwa kuwa msemaji anajibu kama mtu, si kama kamusi. Unauliza kwa Kiswahili na kurudishiwa neno la Kiswahili lililobadilishwa sauti kidogo. Subiri, kisha uliza wazee wangesemaje. Ukitaka somo la makundi ya viumbe karibu na mji, nenda soko la samaki la Feri, uwaulize wauzaji kama pweza, ngisi na kamba ni samaki. Andika sababu wanazotoa, si "ndiyo" na "hapana" pekee.

Simu inatosha kurekodia?

Inatosha ikiwekwa sawa. Chagua programu inayohifadhi faili za WAV, kilohezi 44.1, biti 16. Kwa chaneli moja ni megabaiti 5 hivi kwa dakika, basi hesabu nafasi kabla ya kutoka. Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa uchambuzi wa matamshi, kwa kuwa hubana sauti na kutupa sehemu unazozihitaji. Weka simu sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo ili pumzi isigonge kipaza sauti. Zima feni. Paa la bati wakati wa mvua halina dawa; ahirisha. Praat hutumika kupima sauti na ELAN kuoanisha maandishi na rekodi, na zote hazilipiwi. Tenga saa kumi au zaidi kuandika saa moja ya mazungumzo.

Nahitaji kibali?

Ndiyo. Barua ya chuo hupelekwa ofisi ya mkoa, kisha wilaya, kata, na serikali ya mtaa; anza wiki kadhaa mapema. Mwenzako anayetoka nje ya nchi atahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Zanzibar ina utaratibu wake. Hata ukiwa na mihuri yote, mihuri si ridhaa ya msemaji. Mweleze unarekodi nini, nani atasikiliza, na kwamba anaweza kusitisha wakati wowote. Rekodi ridhaa hiyo mwanzoni mwa faili. Usitaje jina lake kwenye jina la faili, tumia namba ya siri, tarehe na lugha. Kabla hujaondoka, mchezeshee dakika mbili tatu asikie. Mara nyingi atakurekebisha neno hapohapo, na marekebisho hayo yaandike, pamoja na alivyosema mwanzo.